Barua ya wazi: Mifano ya kiinitete ije Kusini, lakini ianze na kanuni, umeme na mtu wa zamu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya. Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Na Waheshimiwa Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi.

Waheshimiwa, salaam.

Tuanze na ombi lenyewe, maelezo yafuate. Tunaomba mambo mawili, na tunaomba yafuatane hivi. Kwanza, mwongozo wa taifa unaoitaja kwa jina mifano ya kiinitete, yaani vijidonge vya seli vinavyoiga siku za mwanzo za mimba, inayotengenezwa kwa seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Pili, chumba kimoja cha kutunzia seli huku Kusini, Mtwara au Lindi, kinachoanzia kwenye umeme, hewa na mtu wa zamu, wala si kwenye darubini. Hatuombi jengo la ghorofa. Chumba cha mita nne kwa tano kinatosha, mradi kisizimike.

Mimba ya binadamu hupitia kipindi ambacho karibu hakuna anayekiona. Yai likishatungishwa, siku ya tatu huwa na seli nane hivi. Siku ya tano au ya sita limeshakuwa kifuko chenye maji ndani, na kuanzia siku ya saba hivi kifuko hicho hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba. Siku ya 14, ambayo ndiyo siku hedhi ilipaswa kuja, mstari wa kwanza wa mwili huanza kujichora. Wiki inayofuata seli huhama na kujipanga katika matabaka matatu: la nje litatoa ngozi na ubongo, la kati litatoa moyo, damu na misuli, la ndani litatoa utumbo na mapafu. Mwisho wa wiki hiyo kiinitete chote kina urefu wa milimita mbili hivi. Kufikia siku ya 28 mrija wa neva unakuwa umefunga. Usipofunga kwa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga kwa juu, huzaliwa bila sehemu kubwa ya fuvu na ubongo, naye haishi.

Siku hiyo ya 28, mama wa Tandahimba au Nachingwea ana hedhi iliyochelewa wiki mbili tu. Pengine anadhani ni uchovu wa kuokota korosho. Akina mama wengi hufika kliniki mwezi wa tatu au wa nne, na vidonge vya foliki wanavyopewa siku hiyo vinasaidia damu yao, lakini kwa mrija wa neva vimechelewa miezi miwili. Ndiyo maana ushauri ni mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku kabla mimba haijaingia, na ndiyo maana kanuni za 2011 zilidai unga uongezewe virutubisho viwandani. Lakini unga mwingi unaoliwa vijijini kwetu unatoka kwenye mashine ya kusaga ya jirani, na muhogo unatwangwa nyumbani. Kanuni hizo haziufikii.

Kipindi hiki cha siku 14 hadi 28 ndicho tunachotaka kukielewa, na ni kigumu kukifikia. Ultrasaundi haioni matabaka ya seli. Viinitete vilivyobaki kwenye tiba ya ugumba haviruhusiwi kukuzwa kupita siku 14 katika nchi nyingi, kufuatia pendekezo la kamati ya Warnock nchini Uingereza mwaka 1984 lililokuwa sheria huko mwaka 1990. Wanyama nao hawatoshi. Thalidomide iliuzwa kuanzia 1957 hadi 1961 kama dawa ya usingizi na kichefuchefu, ikaacha maelfu ya watoto wenye mikono na miguu mifupi. Panya wadogo wa maabara huivumilia dawa hiyo. Mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba ndani ya seli za binadamu thalidomide husababisha protini iitwayo SALL4, inayohitajika kuunda viungo, isagwe na kuisha, na kwamba SALL4 ya panya haishikwi hivyo. Waliopima kwa panya wangepima miaka mia wasione kitu.

Hapo ndipo seli shina zinapoingia. Seli shina za kiinitete cha panya zilipatikana 1981, za binadamu 1998. Mwaka 2006 Shinya Yamanaka alirudisha seli za kawaida za panya kwenye hali ya ushina, na 2007 akafanya hivyo kwa seli za binadamu. Siku hizi kijiko kimoja cha damu kinaweza kutoa seli shina bila kugusa kiinitete chochote. Kisha ikaonekana kwamba seli hizi, zikikusanywa kwa idadi sahihi na kupewa ishara sahihi, hujipanga zenyewe. Mwaka 2014 zilitoka njia mbili. Ya kwanza huzikalisha seli za binadamu kwenye duara dogo, la nusu milimita hadi milimita moja, na kuzipa BMP4, protini ya ishara, nanogramu 50 kwa mililita. Baada ya saa 42 hadi 48 duara limejigawa kama shabaha ya mshale: katikati seli za tabaka la nje, kisha pete ya tabaka la kati, kisha la ndani, na ukingoni seli zinazofanana na za kondo. Njia ya pili ni gastruloidi, kijidonge cha seli kinachorefuka na kupata mbele na nyuma. Mwaka 2018 zikaja blastoidi za panya, na 2021 blastoidi za binadamu, zinazoiga kile kifuko cha siku ya tano hadi ya saba. Mwaka 2022 maabara mbili zilikuza mifano ya panya hadi ikawa na moyo unaodunda na mwanzo wa ubongo, na 2023 mifano ya binadamu inayofanana na kiinitete cha karibu siku 14 ilichapishwa.

Hakuna hata mmoja kati ya mifano hiyo ambao ni mtoto. Neno "mtoto wa maabara" linalosambaa kwenye simu ni uongo, na linatuumiza, kwa sababu linawafanya watu waogope hata kutoa damu ya kupima malaria.

Kwa nini sisi, na kwa nini huku? Kwa sababu kuna maswali ambayo ni yetu kuliko ya wengine. Lipo la dawa mseto za malaria. Artemisinini na jamaa zake zikipewa panya katika dirisha la siku chache za ujauzito huua seli changa za damu za kiinitete, mimba zikaharibika, na vitoto vinavyobaki vikapata kasoro za moyo na mifupa. Kwa hofu hiyo, kwa miaka mingi mama mwenye malaria katika miezi mitatu ya kwanza alipewa kwinini na klindamaisini kwa siku 7. Takwimu za wajawazito zilizokusanywa Afrika na Asia hazikuonyesha madhara hayo kwa binadamu, na Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likapendekeza ALu, dawa mseto ya artemeta na lumefantrini, hata katika miezi hiyo. Tunakubaliana na uamuzi huo, na hatutaki mama yeyote asome barua hii akaacha dawa yake: malaria yenyewe inatoa mimba. Lakini takwimu za ALu hazisemi kitu kuhusu kila dawa mpya inayokuja. Nani atazipima hizo kwenye seli za watu watakaozimeza kwa wingi? Malaria haijatoka Mtwara na Lindi. Sisi ndio watumiaji.

Lipo pia la ukungu wa mahindi. Kuvu aina ya Fusarium hutoa sumu iitwayo fumonisini, nayo huzuia kimeng'enya kinachotengeneza sehemu ya mafuta ya ngozi ya seli. Kipokezi cha folate, vitamini ile ile ya vidonge vya foliki, kimekaa kwenye mafuta hayo. Mafuta yakivurugika, folate haipiti vizuri hata kama mama anakula mboga za majani. Sumu hiyo iliwapa viinitete vya panya mirija ya neva isiyofunga, na folate ikapunguza madhara kwa kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wengi wa aina hiyo walizaliwa mpakani mwa Marekani na Meksiko kwa watu wanaokula mahindi kila siku, na utafiti wa baadaye ukahusisha hali hiyo na fumonisini. Sisi pia tunakula mahindi kila siku. Punje inaweza kuonekana safi machoni na bado ina sumu. Hapa mfano wa seli ungetupa jibu ambalo hakuna mwanamke anayepaswa kulipa kwa mimba yake ili lipatikane.

Sasa kazi yenyewe ikoje? Tunaieleza kwa kirefu kwa sababu bajeti nyingi hufa kwa kutojua kazi inavyofanyika.

Tunapendekeza kuanza na gastruloidi za panya. Hazihitaji ridhaa ya mtu, hazina kondo, haziwezi kujishika kwenye mji wa mimba wowote. Seli shina za panya zilizolishwa vizuri hutenganishwa hadi kila seli iwe peke yake, zikaoshwa mara mbili ili kuondoa ile protini inayozizuia kubadilika, kisha zikahesabiwa. Kila kisima kinahitaji seli 300 ndani ya mikrolita 40 za lishe, yaani maji yenye virutubisho vya seli. Hiyo ni seli 7,500 kwa mililita. Sahani ya visima 96 inahitaji chini kidogo ya mililita 4. Mtu hutengeneza 5, yaani seli 37,500 tu. Visima viwe na kitako cha mviringo na plastiki isiyoshikwa na seli, ili seli zikutane chini na kufanya kijidonge kimoja.

Baada ya saa 48 kila kisima kina kijidonge cha mviringo, laini pembezoni, kipana kama mikromita 150 hadi 200. Hapo huongezwa mikrolita 150 za lishe yenye CHIR99021 kwa mikromola 3, kemikali inayowasha ishara ya Wnt, mojawapo ya ishara zinazopanga mwili. Saa 72 mikrolita 150 hutolewa na kubadilishwa na lishe tupu. Saa 96 vivyo hivyo. Saa 120 kijidonge kimerefuka kama mbegu ya embe iliyochipua, upande mmoja butu, upande mwingine na mkia wenye protini ya Brachyury, alama ya upande wa nyuma wa mwili. Lishe ya saa 96 ikiwekewa Matrigel, jeli ya protini, asilimia 5, kando ya mkia huonekana pingili za mwanzo za mgongo na mrija wa neva. Zikiendelezwa hadi saa 168 kwa protini za ukuaji VEGF na FGF2, sehemu ya moyo hudunda na seli za awali za damu hujitokeza. Hicho ndicho kipande tunachokihitaji kwa swali la dawa mseto.

Kwa seli za binadamu namba zinabadilika. Seli hupewa CHIR kwanza kwa siku moja zikiwa bado zimelala kwenye sahani, kisha 400 huwekwa kila kisima pamoja na kizuizi cha ROCK, kemikali inayozuia kimeng'enya cha jina hilo, maana seli shina ya binadamu ikiachwa peke yake bila kizuizi hicho hujiua. Hurefuka kufikia saa 72, sawa na kiinitete cha wiki ya tatu. Sehemu ya mbele ya ubongo haipo.

Kinachoharibika ni vitu vidogo. Seli zisipotengana vizuri, kisima kimoja kinapata 300 na cha pili 900. Chenye nyingi huota mikia miwili, chenye chache mno hakirefuki kabisa. Ukinyonya lishe kwa pipeti ikiwa imesimama wima, unanyonya na gastruloidi yenyewe, kwa hiyo sahani huinamishwa na ncha ya pipeti huegemezwa ukutani. Visima vya pembeni hukauka kuliko vya kati, chumvi inazidi, na matokeo yake yanadanganya. Bora vya pembeni vijazwe maji tu na kazi ifanyike kwenye visima 60 vya ndani. Matrigel nayo huganda ikipata joto kidogo tu. Katika chumba cha nyuzi 30 inakugandia ndani ya ncha ya pipeti, kwa hiyo huyeyushwa usiku kucha kwenye friji, hukaa juu ya barafu, na ncha zenyewe hutolewa kwenye friza.

Kabla ya kupima dawa yoyote, maabara ithibitishe kwamba sahani tatu mfululizo zimetoa gastruloidi zilizorefuka kwa angalau asilimia 80 ya visima. Kisha iweke dawa zinazojulikana: valproate, dawa ya kifafa inayojulikana kuleta mgongo wazi, na penisilini, isiyojulikana kuleta. Mfano usioweza kutofautisha hizo mbili hauna la kusema kuhusu ya tatu. Na kipimo kiwe kile kinachofika kwenye damu ya mama, si mara mia yake. Artemeta yenyewe hugeuzwa na ini kuwa dihidroartemisinini, na gastruloidi haina ini, kwa hiyo kinachopaswa kuwekwa kisimani ni dihidroartemisinini. Nayo huvunjika ndani ya saa chache kwenye nyuzi 37. Anayeiweka mara moja asubuhi na kuandika kwamba amepima siku nzima, hajapima siku nzima.

Tunakuja kwenye umeme. Waheshimiwa, hapa ndipo tunaomba mtusikilize zaidi.

Kasha la kukuzia seli, yaani inkubeta, linashika nyuzi 37, unyevu mwingi, na hewa ya kaboni dayoksaidi asilimia 5. Watu hufikiri hatari ya umeme kukatika ni baridi. Mtwara hatari kubwa ni joto. Inkubeta ya kawaida inajua kupasha tu, haijui kupoza. Ili ishike nyuzi 37 inataka chumba kiwe chini ya hapo kwa nyuzi 5 hivi, yaani kisizidi 32. Sasa chukua chumba kilichofungwa madirisha mwezi Januari, kiyoyozi kimezimika, friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri inapumua joto lake humo humo kwa umeme wa jenereta. Baada ya saa chache chumba kimefika 34, inkubeta imefika 38 au 39, na kengele haikulia kwa sababu mtu aliiweka ilie joto likishuka tu. Seli hazifi zote. Zinabadilika kimyakimya, na majaribio ya mwezi mzima yanatoa majibu yasiyoaminika bila mtu kujua sababu. Kwa hiyo friza ikae chumba chake. Viyoyozi viwe viwili vinavyopokezana, vyote kwenye jenereta, na betri zibebe inkubeta na kengele kwa dakika zote kabla jenereta haijawaka.

Kaboni dayoksaidi nayo ikiisha, rangi ya lishe inasema. Lishe nzuri ina rangi nyekundu inayoelekea machungwa. Hewa ikikosekana inageuka waridi, kisha zambarau. Seli zikijaa na kuitia lishe asidi, inakuwa manjano. Mhudumu yeyote anaweza kufundishwa kusoma rangi hizo kupitia kioo bila kufungua mlango. Mitungi iwe miwili yenye swichi inayohama yenyewe, kwa sababu mtungi hauishi saa nne asubuhi siku ya kazi. Unaisha usiku wa Idi.

Na hewa ya bahari. Chumvi yake hula soketi, vihisi na bawaba. Trei ya maji ndani ya inkubeta ijazwe maji yaliyosafishwa kwa mvuke na kuuawa vijidudu, yabadilishwe kila wiki. Maji ya bomba yanaacha kutu na ukungu.

Akiba ya seli hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Zikigandishwa hushushwa nyuzi moja kwa dakika ndani ya DMSO, kemikali inayozikinga na barafu, asilimia 10, na zikitolewa huyeyushwa upesi kwenye maji ya nyuzi 37 mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu. Naitrojeni si kitu kigeni nchini: kituo cha uhimilishaji cha Usa River huitumia kwa mbegu za ng'ombe, na wataalamu wa mifugo wanajua kubeba mitungi yake kwenye gari. Tuungane nao, badala ya kila wizara kununua mtambo wake. Lakini Mei 2024 mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam eneo la Somanga. Mtungi unaovukiza kila siku hausubiri daraja. Akiba ihesabiwe kwa wiki sita, si mbili, na nusu ya kila aina ya seli itunzwe nje ya mkoa.

Maadui wengine wawili hawaonekani kabisa. Maikoplazma ni bakteria wasio na ukuta, wadogo kiasi cha kupenya kichujio cha mikromita 0.22, na hawaifanyi lishe ionekane chafu. Wanabadilisha tabia ya seli tu. Kipimo cha PCR, kinachotafuta DNA yao, kila mwezi ni lazima, na seli mpya zikae karantini mpaka zipimwe mara mbili. Mwingine ni kromosomu. Seli shina za binadamu zinazolishwa muda mrefu hupenda kuongeza kipande cha kromosomu 20, au kromosomu 1, 12, 17 au X, nzima au sehemu yake, kwa sababu seli zenye ziada hiyo hukua haraka kuliko wenzake. Mtu anaona seli zake "zimechangamka", anafurahi. Kumbe zimekwisha kuharibika. Kila baada ya mizunguko kumi hivi ya kuzigawanya, zikaguliwe, na zilizobadilika zitupwe bila huruma.

Hayo yote yanahitaji mtu. Seli shina za binadamu hulishwa kila siku, na hugawanywa kila siku ya tatu hadi ya tano. Hazijui Jumapili wala Sabasaba. Tumeona katika nchi yetu vifaa vizuri vya misaada vikifunikwa kitambaa kwa sababu bajeti ilinunua mashine ikasahau posho ya zamu. Tunaomba nafasi tatu za ajira ya kudumu kwa mafundi sanifu maabara, si mikataba ya mradi. Na tunaomba apatikane fundi wa inkubeta na kabati za usafi anayeishi Kusini, asiyesubiriwa kutoka Dar es Salaam kilomita zaidi ya 550.

Kuhusu mwongozo, msimamo wetu ni mkali na tunaueleza wazi. Mfano wowote wa kiinitete cha binadamu usiwekwe katika mji wa mimba wa binadamu wala wa mnyama. Usikuzwe kuelekea kuishi nje ya mwili. Hayo mawili yamo pia katika mwongozo wa chama cha kimataifa cha utafiti wa seli shina, ISSCR, uliohuishwa mwaka 2025. Si marufuku ya kinadharia: mwaka 2023 watafiti nchini China walipandikiza blastoidi za nyani kwa nyani majike 8, na 3 walionyesha dalili za awali za mimba kabla hazijaisha. Toleo la 2021 la mwongozo huo liligawa mifano katika makundi mawili, iliyo kamili na isiyo kamili, na kundi la pili likapewa usimamizi mwepesi. La 2025 limeondoa mgawanyo huo na kudai kila mfano wa pande tatu uwe na sababu ya kisayansi, mwisho uliopangwa na usimamizi. Uingereza ilitoa kanuni zake za hiari mwaka 2024. Australia inazihesabu blastoidi za binadamu chini ya sheria ya viinitete. Tanzania isinakili yoyote kati ya hizo neno kwa neno. Ila iandike saa ya kusimama kwa kila jaribio kabla halijaanza, si baada ya kuona limefika wapi, na iwe na daftari la kitaifa la kila aina ya seli na kila mfano. Kwa Kusini, tunashauri blastoidi za binadamu zisubiri kabisa. Maswali yetu hayazihitaji.

Kamati ya maadili iwe na mtaalamu wa embriolojia na mwanasheria, ndiyo, lakini pia shekhe, padri au mchungaji, mkunga, na nyakanga. Huyu wa mwisho si pambo. Binti wa kimakonde au kimwera mara nyingi husikia habari za mimba kwa mara ya kwanza unyagoni, na mtu anayejua kuzieleza pale anajua ni neno gani litaeleweka na lipi litatisha.

Ridhaa ndiyo sehemu inayofanywa vibaya kuliko zote. Mtu anatoa mililita 10 za damu, anatia dole gumba, anaondoka. Hajaambiwa kwamba seli zake zitarudishwa kwenye ushina kwa jeni nne, OCT4, SOX2, KLF4 na MYC, kwa wiki tatu au nne, kwamba baada ya hapo hazifi, na kwamba zinaweza kupangwa zikafanana na mwanzo wa mimba. Sentensi hiyo ya mwisho iwe na sanduku lake kwenye fomu, itiwe saini peke yake, na mtu aweze kuikataa huku akikubali mengine. Seli za Henrietta Lacks zilichukuliwa mwaka 1951 bila yeye kujua, na familia yake bado ilikuwa inadai haki zaidi ya miaka 70 baadaye. Mkataba wowote wa kupeleka seli za watu wa Kusini nje ya nchi useme nani anazimiliki, nani anaweza kuziuza, na zinarudi lini. Tunajua pia kwamba sehemu kubwa ya seli shina zinazotumika duniani zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya. Kukosekana kwetu kwenye friza zao kunatugharimu, lakini kuwemo bila masharti kutatugharimu zaidi.

Hatua ya kwanza haihitaji tenda kubwa. Kabla ya kuchagua chumba, wekeni katika vyumba vitatu vinavyopendekezwa, Mtwara Mjini, Mikindani na Lindi Mjini, kipimajoto kinachorekodi kila dakika 5 na kifaa kinachorekodi volti za umeme, kwa siku 90, kuanzia Desemba ili joto na mvua za msimu zote ziwemo. Rekodi hizo zibandikwe hadharani. Chumba kinachokaa chini ya nyuzi 28 bila kupita na kinachokatika umeme kwa muda mfupi zaidi ndicho kipewe inkubeta, hata kama kina rangi iliyobanduka. Sisi tuko tayari kuvisoma vipimo hivyo kila Jumatatu, bila malipo, na kuwaletea karatasi.

Wenu katika kazi,

Mafundi sanifu maabara, wakunga na walimu wa baiolojia
Mtwara na Lindi